Uchambuzi wa kisa: Doria ya nyambizi San Luis, Aprili na Mei 1982

Kisa hiki cha nyambizi ya Argentina katika vita vya Falkland dhidi ya Uingereza kimechaguliwa kwa ajili ya wasomaji wanaofuatilia ununuzi na utunzaji wa zana za kijeshi. Kinaonyesha jinsi chombo kizuri, chenye wahudumu hodari, kinavyoweza kufika mbele ya shabaha kikiwa kimekwisha kushindwa tangu gatini. Majina ya wanamaji wa San Luis yameachwa, pamoja na maelezo yoyote yanayoweza kumtambulisha mmoja wao. Majina ya meli na nchi yamebaki kwa kuwa yamo katika kumbukumbu za umma, na bila hayo kisa hakisomeki.

Usuli

Nyambizi za Aina 209 zilibuniwa Ujerumani ya Magharibi katika miaka ya 1960 na ofisi ya usanifu ya IKL ya Lübeck, chini ya mhandisi Ulrich Gabler, na nyingi kati ya hizo zikajengwa katika kiwanda cha HDW mjini Kiel. Ingawa ni miongoni mwa nyambizi zilizouzwa zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili, Jeshi la Majini la Ujerumani lenyewe halikuwahi kumiliki hata moja. Wajerumani walihitaji nyambizi ndogo zaidi, zinazofaa maji ya kina kifupi ya bahari ya Baltiki, ilhali Aina 209 ilichorwa kwa ajili ya soko la nje, hasa kwa mataifa yaliyokuwa bado yanatumia nyambizi kuukuu za Kimarekani za wakati wa vita na kutafuta za kuzirithi kwa bei isiyovunja hazina. Ugiriki ilikuwa ya kwanza kuagiza, na nyambizi yake ya kwanza ikaanza kazi mwaka 1971. Walifuata Argentina, Peru, Kolombia, Uturuki, Venezuela, Chile, Ekwado, Indonesia, India, Brazil na Korea Kusini, na katika karne hii Afrika Kusini na Misri.

Kila mnunuzi alipata umbo lake. Matoleo hutambulishwa kwa namba kuanzia 1100 hadi 1500, zinazodokeza ukubwa kwa tani, lakini tofauti za maana zaidi zimo ndani: sona (vifaa vya kusikilizia na kutafutia vyombo chini ya maji) za mtengenezaji huyu au yule, kompyuta ya kuelekezea silaha kutoka nchi nyingine, topido (makombora yanayokwenda chini ya maji) za aina mbili au tatu kulingana na kile ambacho mnunuzi alikuwa nacho ghalani tayari. Sifa hii ndiyo iliyoipatia Aina 209 wateja wengi, na itakuja kuwa na uzito katika kisa hiki.

Ufanyaji kazi wake ni wa kawaida kwa nyambizi za dizeli na umeme. Injini nne za dizeli haziunganishwi na rafadha, bali huendesha jenereta zinazochaji shehena kubwa ya betri, na betri hizo hulisha mota moja ya umeme inayozungusha rafadha moja. Chini ya maji, mota hiyo ikienda taratibu, nyambizi hutoa kelele kidogo sana. Adhabu yake ni kwamba kila baada ya muda lazima ipande karibu na uso wa bahari, itokeze bomba la kuvutia hewa, na kuwasha dizeli ili kuchaji upya. Hapo ndipo inaposikika, na rada ya adui ikiwa karibu inaweza kuliona bomba lenyewe. Kwenye omo kuna mirija minane ya topido.

Argentina iliagiza mbili mwishoni mwa miaka ya 1960. Vipande vyake vilitengenezwa Kiel, vikasafirishwa kwa meli na kuunganishwa katika kiwanda cha Tandanor, Buenos Aires. Salta na San Luis zikaanza kazi mwaka 1974. Bodi ilikuwa ya Kijerumani, kompyuta ya kuelekezea silaha ilitoka Uholanzi, topido ya SST-4 ya kupigia meli ilitoka kwa AEG-Telefunken ya Ujerumani ya Magharibi, na topido ya Mk 37 ya kupigia nyambizi ilitoka Marekani. Viungo vilivyotoka katika nchi tatu vilitakiwa vielewane ndani ya chombo chenye urefu wa takriban mita 56.

Tarehe 2 Aprili 1982 majeshi ya Argentina yalivitwaa visiwa vya Falkland, ambavyo Waargentina huviita Malvinas, na siku chache baadaye Uingereza ikaanza kutuma manowari zake kusini. Hali ya nyambizi za Argentina wakati huo haikuwa ya kujivunia. Salta ilikuwa matengenezoni na ikisumbuliwa na kelele. Santiago del Estero, ya zamani, haikuweza tena kwenda vitani. Santa Fe, iliyojengwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilikuwa inaelea na kupiga mbizi, lakini kwa shida. Sehemu ya mafundi na maofisa wazoefu zaidi walikuwa Ujerumani wakijifunza nyambizi mpya za TR-1700 zilizokuwa zikijengwa huko, na nafasi zao nyumbani zikajazwa na watu wasio na uzoefu huo. San Luis ndiyo iliyobaki. Moja ya dizeli zake nne ilikuwa mbovu, na viumbe wa baharini walioganda kwenye bodi walikuwa wakipunguza mwendo wake, ikabidi wapiga mbizi wawakwangue gatini kwa haraka kabla ya safari.

Yaliyotokea

San Luis iling'oa nanga Mar del Plata tarehe 11 Aprili na kuelekea kwanza kwenye eneo la kusubiri, mbali na visiwa, kwa sababu mazungumzo ya kidiplomasia yalikuwa bado yanaendelea na nyambizi haikuwa na ruhusa ya kufyatua. Tarehe 19 Aprili, wakiwa bado wanasubiri, kompyuta ya kuelekezea silaha ikafa. Ndani hapakuwa na mtu aliyefunzwa kuitengeneza. Taarifa ilitumwa makao makuu, na jibu likawa kwamba safari iendelee.

Tarehe 25 Aprili helikopta za Uingereza ziliikuta Santa Fe juu ya maji karibu na Grytviken, kisiwani South Georgia, mara baada ya kushusha askari, na kuiharibu kiasi cha kutoweza kupiga mbizi tena. Mwishoni mwa mwezi San Luis ilipata ruhusa ya kutumia silaha na ikaingia katika eneo lake la doria kaskazini mwa visiwa.

Asubuhi ya tarehe 1 Mei sona ilisikia rafadha za manowari. Nyambizi ilifyatua SST-4 moja kutoka umbali mrefu. Topido ilitoka, ikaanza kufuata amri, na baada ya dakika chache waya uliokuwa ukiiunganisha na nyambizi na kuipelekea amri hizo ukakatika. Haikumpiga mtu. Yaliyofuata ni msako wa saa nyingi: manowari HMS Brilliant na HMS Yarmouth, pamoja na helikopta, zilisaka eneo lile kwa sona na kudondosha mabomu ya kina na topido. Wahudumu walisikia topido ikiwajia, wakaachia vifaa vya kutoa mapovu ili kuidanganya sona yake, na nyambizi ikashuka na kulala sakafuni mwa bahari, mitambo imezimwa, hadi kelele za juu zilipohama.

Siku iliyofuata, tarehe 2 Mei, nyambizi ya nyuklia ya Uingereza HMS Conqueror ilizamisha manowari ya Argentina General Belgrano, na watu 323 wakafa. Manowari za Argentina za juu ya maji zikarudi kwenye maji ya kina kifupi karibu na pwani yake. Tangu hapo, tishio la Argentina lililobaki baharini lilikuwa nyambizi moja yenye kompyuta iliyokufa.

Tarehe 8 Mei San Luis ilifyatua Mk 37 kuelekea sauti iliyodhaniwa kuwa nyambizi. Mlipuko ulisikika, lakini Uingereza haikupoteza nyambizi yoyote. Shabaha ilikuwa nyangumi au kitu kingine, na mlipuko huenda ulitokea kwenye sakafu ya bahari.

Nafasi nzuri kuliko zote ilikuja usiku wa kuamkia tarehe 11 Mei. HMS Alacrity ilikuwa imepita katikati ya mlango bahari wa Falkland Sound na kuizamisha meli ya mizigo ya Argentina, na ilipokuwa ikitoka upande wa kaskazini HMS Arrow ilikuwa ikiisubiri. Meli zote mbili zilipita karibu na San Luis bila habari. Topido ya kwanza haikutoka mrijani. Ya pili ilitoka, kutoka umbali wa takriban kilomita 5, na kwa mara nyingine waya ukakatika baada ya muda mfupi. Arrow ilipokuja kuvuta ndani kifaa chake cha kudanganyia topido, ambacho hukokotwa nyuma ya meli, ilikikuta kimeharibika. Wengi wanaamini kwamba topido ya San Luis ndiyo iliyokigonga.

Kamanda aliripoti kwamba mfumo wake wa silaha hauaminiki. Aliamriwa kurudi, na San Luis ikaingia Puerto Belgrano tarehe 19 Mei. Mapigano yalikoma tarehe 14 Juni kabla haijawa tayari kutoka tena.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kuitoa nyambizi ikiwa na dizeli tatu badala ya nne hauhitaji maelezo marefu: hapakuwa na nyingine, na Waingereza walikuwa njiani. Kuchaji betri kwa dizeli tatu huchukua muda mrefu zaidi, na muda huo ni wa hatari, lakini inawezekana.

Uamuzi mgumu ni ule wa tarehe 19 Aprili, na ili kuupima lazima kueleweka kilichopotea. Nyambizi inayosikiliza bila kutoa sauti haijui adui yuko umbali gani; inajua tu sauti inatoka upande gani. Umbali, mwelekeo na kasi ya shabaha hupatikana kwa kufuatilia jinsi upande huo unavyobadilika dakika kwa dakika huku nyambizi yenyewe ikigeuza njia yake. Kompyuta hufanya hesabu hiyo mfululizo kwa shabaha kadhaa na kuziongoza topido zaidi ya moja kwa pamoja. Ikifa, kazi inabaki kwa watu waliosimama kwenye meza ya ramani, na penseli, rula na saa, wakichora mstari baada ya mstari na kupeleka amri za usukani kwa topido moja tu kwa wakati mmoja. Hesabu ya namna hii inafanyika, na nyambizi nyingi za zamani zilipigana hivyo, lakini inataka mazoezi ya miaka.

Makao makuu yaliamua kuendelea kwa hoja kwamba nyambizi iliyopo baharini ina thamani hata ikiwa na uwezo nusu. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa sahihi, ila haukukamilika. Kama kompyuta imekufa na mahesabu yanafanywa kwa mkono, basi masharti ya kufyatua nayo yabadilike: shabaha isogezwe karibu zaidi, na umbali uliotumika tarehe 1 Mei usiruhusiwe tena. Amri ilibaki ileile huku chombo kikiwa si kilekile.

Uamuzi wa kulala sakafuni wakati wa msako ulifanikiwa kwa sababu ulitumia vizuri mazingira. Maji yale hayana kina kirefu, yamejaa nyangumi, vikundi vya samaki na mabaki ya meli, na sona ya manowari hupokea mwangwi kutoka kwa kila kimojawapo. Jeshi la Majini la Uingereza lilikuwa limejizoeza kwa miaka kutafuta nyambizi za nyuklia za Kisovieti katika kina cha Atlantiki ya Kaskazini. Nyambizi ndogo ya umeme iliyojilaza kimya kwenye matope ilikuwa mtihani wa aina nyingine kabisa.

Matokeo

San Luis haikuzamisha chombo chochote, na haikuzamishwa. Waingereza, kwa upande wao, walitumia akiba kubwa ya silaha za kupigia nyambizi katika vita vile, sehemu kubwa ikiishia kwa nyangumi na miamba, na helikopta zao zilikuwa angani usiku na mchana kuzilinda manowari za kubebea ndege dhidi ya nyambizi ambayo mara nyingi haikuwa karibu hata kidogo.

Uchambuzi

Watu wengi hukisimulia kisa hiki kama ushindi wa mnyonge: nyambizi moja ya bei nafuu iliyowashughulisha wakubwa. Simulizi hiyo ina ukweli wake, lakini inafunika jambo lenye faida zaidi kwa mwanafunzi. Usumbufu walioupata Waingereza ulitokana na imani yao kwamba topido za San Luis zinafanya kazi. Laiti wangejua hali halisi, wasingeshughulika nayo kiasi kile. Nchi inayopanga ulinzi wake kwa kutegemea adui asijue ubovu wake inacheza pata potea.

Kwa hiyo swali la maana ni hili: kwa nini nyaya zilikatika? Maelezo yaliyotolewa baada ya vita hayapatani. Upande wa Ujerumani ulielekea kwenye makosa ya matumizi: umbali mrefu mno, kufyatua kutoka kina kisichofaa. Upande wa Argentina ulielekeza kidole kwenye topido zenyewe. Maelezo mengine yaliyoenea sana husema kwamba viunganishi vya umeme viligeuzwa wakati wa matengenezo nchi kavu, hivi kwamba jiroskopu za topido, yaani vifaa vinavyoishikilia kwenye mwelekeo wake, zilipata mkondo wa umeme kinyume na topido ikapoteza uelekeo mara tu baada ya kutoka.

Tukiweka mashambulizi mawili dhidi ya meli kando kwa kando, tunaweza kupunguza wigo wa mabishano haya. Tarehe 1 Mei umbali ulikuwa mrefu na hesabu ilikuwa ya mkono. Hapo hoja ya makosa ya matumizi inasimama vizuri. Tarehe 11 Mei umbali ulikuwa takriban nusu tu, meli zilikuwa mbili na hazina wasiwasi, na hali ya kufyatua ilikuwa bora kuliko ambayo kamanda yeyote angethubutu kuiomba. Bado waya ulikatika kwa namna ileile, na topido nyingine haikutoka mrijani kabisa. Hitilafu inayojirudia hivyo katika hali mbili tofauti haielezeki kwa umbali peke yake. Inaelekeza kwenye topido na matunzo yake, yaani kwenye karakana.

Hapa ndipo asili ya Aina 209 kama bidhaa ya kuuzwa nje inapoingia. Jeshi linalounda nyambizi kwa matumizi yake lenyewe hulazimika kumiliki mnyororo mzima: bodi, sona, kompyuta, topido, karakana ya kupima topido, uwanja wa kufyatulia wa mazoezi, na mafundi wanaojua jinsi kila kiungo kinavyozungumza na kinachofuata. Mnunuzi wa Aina 209 alipata bodi iliyothibitishwa, na viungo vingine akavichagua kwenye orodha. Aliyeuza bodi hakuwa na dhamana ya topido, na aliyeuza topido hakuwa na dhamana ya kompyuta. Mwenye dhamana ya vyote kufanya kazi pamoja alikuwa mnunuzi mwenyewe, na kazi hiyo haikuwekewa bei kwenye mkataba wowote. Njia pekee ya kujua kama mnyororo umekamilika ni kufyatua topido mara kwa mara, wakati wa amani, katika mazingira yanayokaribia ya vita. Topido ni ghali, na bajeti ikibana huwa ni rahisi kuziacha ghalani zikikaguliwa kwa macho.

Uingereza yenyewe haikuwa mbali na tatizo hilo. Conqueror ilikuwa na topido ya kisasa ya Tigerfish inayoongozwa kwa waya, lakini kamanda wake aliipiga Belgrano kwa Mk 8, topido ya kwenda moja kwa moja ambayo muundo wake ulitangulia Vita Kuu ya Pili. Sababu mojawapo ni kwamba Mk 8 ilikuwa na kichwa kizito zaidi cha baruti. Sababu nyingine ni kwamba Tigerfish haikuaminika. Tofauti iko kwenye kujua. Waingereza walizijua silaha zao kiasi cha kuchagua ile ya zamani kwa makusudi. San Luis haikuwa na silaha ya akiba ya namna hiyo dhidi ya meli, na wahudumu wake waligundua ubovu wa SST-4 wakati manowari za adui zinawasikiliza.

Kuhusu watu, kupeleka wazoefu Ujerumani kwa ajili ya TR-1700 kulikuwa uamuzi wa busara kwa wakati wa amani. Hata hivyo nyambizi ina wahudumu wapatao thelathini na kitu tu, na kila mmoja ana kazi ambayo wa pili wake haifahamu sawasawa. Kumwondoa fundi mmoja wa kompyuta kwenye meli kubwa ni pengo la kuzibika. Kumwondoa kwenye nyambizi ndogo ni sawa na kuiondoa kompyuta yenyewe, kama ilivyodhihirika tarehe 19 Aprili. Kilichofanya kazi kwa uzuri katika doria nzima ni yale mambo ambayo hayakuhitaji karakana wala mtaalamu wa kigeni: nidhamu ya kimya, kulala sakafuni, na uamuzi wa kamanda kusema wazi kwamba silaha zake hazifai badala ya kuendelea kuzurura hadi auawe bure.

Baada ya vita mtengenezaji alishirikiana na Argentina kuchunguza na kurekebisha SST-4. San Luis iliingizwa matengenezoni, matengenezo hayo hayakukamilishwa, na katika miaka ya 1990 ikaondolewa kazini. Aina 209 iliendelea kuuzwa. Afrika Kusini, iliyopokea tatu za toleo la 1400 kati ya 2005 na 2008, imekuwa ikisumbuka kwa miaka kupata fedha za kuzifanyia matengenezo makubwa, na nyambizi zake zimekaa muda mrefu gatini Simon's Town kuliko baharini. Misri ilipokea nne za toleo hilohilo kati ya 2016 na 2021. Anayetaka kupima uwezo wa meli hizo asianze na idadi ya mirija ya topido. Aulize ni lini mara ya mwisho kila moja ilifyatua topido halisi ikafika ilikoelekezwa.